Jenereta au mazoezi? Kuomba ruzuku ndogo ya kujiandaa na dharura

SWALI: "Tuko watu 19 tuliojiunga kwa hiari yetu baada ya mafuriko kutukuta usiku tukiwa hatujajiandaa. Hatujasajiliwa na hatuna akaunti ya benki. Tumesikia kuna ruzuku ndogo za kusaidia vikundi vya kujitolea kujiandaa na dharura, na zimebaki wiki sita tu kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Wenzangu wengi wanataka tuombe jenereta, redio za mkononi na sare. Mimi nilipendekeza mafunzo kwanza, nikaonekana mtu wa nadharia. Tuandike nini ili tupewe? Na tukipewa, tufanyeje fedha zisitugombanishe?"

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hiyo jenereta, maana hata mimi niliwahi kuipigania.

Kabla sijaanza kukaa upande wa wanaosoma maombi, nilikuwa mwanachama wa kikundi kama chenu, na ni mimi niliyesimama kikaoni kuitetea jenereta mpaka ikapita. Ruzuku ikaja, jenereta ikanunuliwa, tukapiga nayo picha. Usiku ilipohitajika ilikuwa imekaa miezi kumi na moja na petroli ileile ndani ya tangi. Petroli ikikaa muda mrefu huharibika na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Vuta kamba mpaka bega likuume, injini haiwaki. Na hapo tulikuwa tumeshapoteza nusu saa kutafuta ufunguo wa stoo, kwa sababu alikuwa nao mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa safarini. Jenereta haikuwa mbovu. Tulichokosa ni mtu wa kuiwasha kila mwezi na kifungu kidogo cha kununulia mafuta mapya.

Tangu wakati huo kila kinachoombwa nakipitisha kwenye swali moja: siku ya 400 baada ya fedha kuingia, kitu hiki kitakuwa wapi, kitakuwa mikononi mwa nani, na nani atakuwa analipia matunzo yake? Ruzuku ndogo nyingi huwa za miezi sita hadi mwaka mmoja. Siku ya 400 mfadhili ameshafunga faili lenu, na mto hauna habari na tarehe za mkataba.

Usiwabeze wenzako lakini. Wanataka vifaa kwa sababu walijiona mikono mitupu usiku ule, na hilo si jambo dogo. Na wewe nikukosoe kidogo: mafunzo ya siku mbili, yenye vyeti na picha ya pamoja, ni jenereta ileile kwa sura nyingine. Utafiti kuhusu ufufuaji wa moyo na mapafu (kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama) umeonyesha mara nyingi kwamba stadi hizo huanza kufifia ndani ya miezi mitatu hadi sita, ingawa cheti chenyewe kwa kawaida huhesabika kuwa hai kwa miaka miwili. Cheti kinabaki ukutani, mikono imeshasahau. Kinachofaulu mtihani wa siku ya 400 ni mazoezi yanayorudiwa, na hayo ndiyo ambayo karibu hakuna kikundi kinachoyaombea fedha.

Ngoja nieleze kwa nini nayasisitiza hivyo. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, tetemeko lilipiga Kobe na maeneo ya jirani nchini Japani. Kwa makadirio yanayotumiwa na serikali ya huko, watu kama 35,000 walinaswa chini ya majengo na wakahitaji kutolewa. Takriban 27,000 kati yao walitolewa na ndugu na majirani. Askari, polisi na zimamoto waliwatoa kama 8,000. Ukiondoa wataalamu wachache, majirani hao hawakuwa na zana za maana. Walitumia mbao, jeki za magari na mikono yao, na walijua nani hulala chumba gani.

Sasa iweke Kobe kando ya tetemeko la Mexico City la Septemba 1985. Hesabu inayorudiwa sana katika mafunzo ya waokoaji wa kujitolea ni kwamba raia wasio na mafunzo waliokoa zaidi ya watu 800, na zaidi ya 100 kati ya waokoaji hao wakapoteza maisha wakiokoa. Tukio hilo lilichangia idara ya zimamoto ya Los Angeles kubuni, mwaka huohuo wa 1985, mpango wa kuwafundisha raia wa kawaida, ambao mwaka 1993 FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, liliusambaza nchi nzima kwa jina la CERT. Mafunzo ya msingi huchukua kama saa 20. Jambo linalorudiwa humo kuliko yote ni wapi mtu wa kujitolea anatakiwa kusimama na kutoendelea: asiingie peke yake, asiingie jengo lililoharibika vibaya, asigeuke majeruhi wa pili.

Kwenu ninyi wa mafuriko mpaka huo una namba. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi. Kikundi kisicho na waogeleaji waliofunzwa uokoaji hakina kazi ndani ya maji. Kazi yenu ni kuwatoa watu kabla maji hayajafika, na maji yakishafika, kurusha kamba mkiwa nchi kavu. Liandikeni hilo kwenye maombi waziwazi. Msomaji mwenye uzoefu akikuta kikundi kinachojua kisichokihusu, huanza kukiamini.

Sasa twende kwenye kuandika. Ushauri wangu ni kwamba wiki mbili za mwanzo msiandike chochote. Fanyeni zoezi moja la bure. Chagueni asubuhi moja, waarifuni watu kuwa ni zoezi, kisha mtu mmoja ajifanye amepokea onyo la mafuriko. Saa ianze kuhesabiwa hapo. Onyo lifike kila nyumba bila kutumia simu, na mtu wa mwisho kuambiwa asaini dakika aliyoambiwa. Jioni kaeni mezani na ramani iliyochorwa kwa mkono, mcheze mchezo wa "ingekuwaje": ni saa nane usiku, mtandao umekatika, daraja halipitiki, mwenyekiti hayupo, kuna mgonjwa asiyeweza kutembea katika nyumba ya saba. Nani anafanya nini? Msijibizane kwa nadharia. Kila mtu aseme atakwenda wapi na atabeba nini.

Mkimaliza mtakuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu mlivyokosa. Ya pili ni ya maamuzi ambayo hamkuwa mmeyafanya: nani anashika nafasi ya mwenyekiti, nyumba zipi zina wagonjwa, ufunguo wa ukumbi uko kwa nani, nani mwenye mamlaka ya kusema "ondokeni". Katika vikundi nilivyovisimamia, orodha ya pili haijawahi kuwa fupi kuliko ya kwanza, na haihitaji senti ya mtu. Ishughulikieni wiki hiyohiyo. Kitakachobaki kwenye ile ya kwanza ndiyo bajeti yenu.

Mfano wa kubuni: tuseme mna nyumba 160, na onyo lilichukua dakika 52 kufika nyumba ya mwisho. Lilikwama mara mbili: mitaa ya chini haina mtu wa kikundi, na waliopita mlango kwa mlango walipoteza muda kugonga na kungoja mtu atoke. Hapo maombi yanakuwa yameshajiandika. "Leo onyo linachukua dakika 52. Tunaomba fedha za kulifikisha ndani ya dakika 20 katika miezi tisa. Tutaongeza watu sita wa mitaa ya chini, tutanunua vipaza sauti vinne vya mkononi na filimbi, na tutapima kwa mazoezi matatu, moja likiwa la usiku." Sentensi tatu hizo zina tatizo, kipimo, njia na ushahidi. Kwenye rundo la maombi ninalolisoma jioni, kurasa zinazosema "kujenga uwezo wa jamii kukabiliana na majanga" zinafanana mpaka nasahau nipo kwenye lipi. Dakika 52 siisahau.

Kuna vishawishi viwili vya uandishi muepukane navyo. Kimoja ni kumwaga mikataba ya dunia kwenye ukurasa wa kwanza. Mfumo wa Sendai wa mwaka 2015, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza hatari za maafa, ni waraka mzuri, lakini msomaji wenu anaujua. Asichokijua ni mtaa wenu. Kingine ni ile takwimu maarufu kwamba kila dola moja ya kujikinga huokoa dola sita. Inatoka kwenye uchambuzi wa mwaka 2017 wa taasisi ya taifa ya sayansi za majengo ya Marekani, na ilihusu ruzuku za serikali kuu za kupunguza athari, kama vile kuinua nyumba juu ya kiwango cha mafuriko na kuimarisha majengo. Haikupima filimbi wala machela. Mkiiweka kama yenu, msomaji makini atajiuliza ni namba ngapi nyingine mmeziokota njiani.

Vifaa, basi. Redio za mkononi kwanza, kwa kuwa hizo ndizo huponza vikundi vingi. Maboksi huandika masafa ya kilomita nyingi. Hizo ni za uwanja mweupe usio na kizuizi. Redio ndogo zisizohitaji leseni, mfano zile za mfumo wa PMR446 zinazotumika Ulaya, zina nguvu ya nusu wati tu, na katikati ya majengo ni bahati kufika kilomita moja au mbili. Zenye nguvu zaidi kwa kawaida huhitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano. Ulizeni kabla ya kununua, kwa maandishi, na jibu liambatishwe kwenye maombi. Kisha jiulizeni kama zoezi lilionyesha kweli kwamba redio ndiyo iliyokosekana. Mara nyingi vijana wawili wenye baiskeli na njia waliyoizoea hufanya kazi ileile.

Sare nitazipita haraka. Kizibao cha kuakisi mwanga na kofia ngumu ni vifaa vya usalama, ombeni. Fulana zenye nembo ya kikundi ni za sherehe, jichangieni wenyewe.

Huduma ya kwanza: nunueni kidogo kinachojulikana na kila mmoja kuliko sanduku kubwa linalomtisha mfunguaji. Glavu, bendeji za kukandamiza, vitambaa vya pembetatu, blanketi, machela moja au mbili. Vitu hivi vina tarehe za mwisho, kwa hiyo fedha za kubadilisha ziwekwe tangu mwanzo. Tochi zihifadhiwe bila betri ndani. Betri za kawaida zikiachwa humo huvuja na kuila tochi. Mmoja wenu apewe kazi ya kukagua kila tarehe mosi ya mwezi na kutia saini kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni pa stoo. Daftari hilo, likiwa limejaa saini za kweli, lina nguvu kuliko ripoti yoyote mtakayoandika.

Kuna kundi jingine la vitu ambavyo ruzuku ndogo haiwezi kuvinunua hata ikitaka. Maji, kwa mfano. Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Mkihifadhi watu 200 waliohamishwa, hizo ni lita 3,000 kwa siku, yaani tani tatu. Hamna pa kuziweka. Mnachoweza kufanya ni kuzunguka mkiwauliza wenye matangi makubwa kama watayafungua siku hiyo, mkaandikiana karatasi ya nusu ukurasa, na namba zao zikawekwa mahali pawili. Gharama yake ni nauli na karatasi. Hali kadhalika ukumbi, lori na mashua. Mfadhili akiona makubaliano kama hayo kumi yameambatishwa, anaona fedha yake kidogo imekanyaga juu ya kitu kikubwa.

Mafunzo yenyewe yaombeni kwa wanaofanya kazi hiyo: kikosi cha zimamoto, chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, au hospitali iliyo karibu. Msiridhike na mihadhara. Mjifunze kuzuia damu kwa kukandamiza, kumbeba mtu bila kumwumiza zaidi, na kupanga majeruhi wengi kwa haraka. Kwa hilo la mwisho upo mfumo uitwao START, uliobuniwa California mwaka 1983, unaomwezesha mtu kumpima majeruhi ndani ya dakika moja kwa mambo matatu: anapumuaje, damu yake inazungukaje, anaweza kutii agizo rahisi. Unaeleweka mchana mmoja, unasahaulika miezi michache baadaye, na kwa ajili hiyo kila zoezi liwe na watu watatu au wanne waliolala chini wakiigiza.

Nikitaka kumwonyesha mtu mazoezi yanayodumu yanafananaje, humpeleka Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 huko, kwa makadirio ya chini. Miaka michache baadaye, kwa ushirikiano wa serikali na Msalaba Mwekundu, ukaanza mpango wa watu wa kujitolea wa kutangaza vimbunga, na leo una watu zaidi ya 70,000. Zana zao za msingi ni bendera, king'ora cha mkono, kipaza sauti, redio na buti. Kimbunga cha Aprili 1991 bado kiliua watu kama 138,000. Kile cha Sidr cha mwaka 2007, ambacho nacho kilikuwa kikali sana, kiliua kama 3,400. Si haki kuwapa wenye vipaza sauti sifa yote. Majengo ya kukimbilia, kingo za bahari na utabiri bora vilifanya kazi kubwa. Lakini majengo hayo yangebaki matupu kama pasingekuwa na mtu anayeaminika wa kugonga mlango na kusema "twendeni". Na sehemu ya funzo la 1991 ilikuwa kwamba wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume; taratibu mpango ukawaingiza wanawake, mpaka leo wao ni kama nusu ya watu wake. Katika wenu 19, wanawake ni wangapi? Hukusema. Nani atagonga mlango wa mama aliye peke yake na watoto usiku wa manane, na akafunguliwa?

Mgawanyo wa fedha. Sina kanuni takatifu, ila nikikuta bajeti iliyokaa karibu na hivi moyo wangu hutulia. Katika kila mia, arobaini ziende kwenye mafunzo na mazoezi yasiyopungua matatu: mkufunzi, nauli, ukumbi, uchapaji wa ramani. Thelathini ziwe za vifaa. Kumi na tano za matunzo na kubadilisha vilivyoisha muda, na hizi zitengwe kabisa zisiguswe. Tano za kabati imara, kufuli na funguo tatu. Kumi zilizobaki ziwe za bima ya ajali kwa wanaojitolea, ada za benki na utunzaji wa hesabu. Wafadhili wengine hukataa kulipia matunzo ya baada ya mkataba. Hapo nunueni vifaa vichache zaidi, na matunzo yalipwe na mchango mdogo wa wanachama, mkisema hivyo kwenye maombi.

Kabla ya kutia saini, someni masharti mkitafuta neno moja: kurejeshewa. Baadhi ya ruzuku hazitoi fedha mkononi. Mnatumia zenu, mnapeleka risiti, ndipo mnarudishiwa, pengine baada ya miezi miwili. Kikundi kisicho na akiba kinaweza kushinda ruzuku ya namna hiyo kikafilisika nayo. Ulizeni kama wanaweza kutoa awamu ya kwanza mapema. Angalieni pia kama wanadai mchango wenu. Mara nyingi saa za kujitolea hukubaliwa kuwa mchango, lakini sharti ziwe zimeandikwa siku ileile, kwa jina na saini, wala si kukumbukwa mwishoni mwa mwaka. Na msinunue kitu hata kimoja kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye mkataba. Risiti ya siku moja kabla huwa haina thamani, hata kama kifaa ni kizuri na bei ilikuwa ya kuokota.

Usajili. Kwa wiki sita mlizonazo sikushaurini mkimbizane na usajili kamili, kwani huenda usikamilike. Tafuteni taasisi mlezi: shirika lililosajiliwa, lenye hesabu zilizokaguliwa, likubali kupokea fedha kwa niaba yenu. Wafadhili wengi wa ruzuku ndogo wanaruhusu hilo, ila wapigieni simu muulize. Mkikubaliwa, msiende kwa kuaminiana tu. Andikeni watakata asilimia ngapi kwa usimamizi, watatoa fedha ndani ya siku ngapi baada ya ombi lenu, nani atatia saini ripoti, na vifaa vitakuwa mali ya nani mkiachana. Nimeshuhudia kikundi kikimaliza mradi salama halafu machela na vipaza sauti vikabaki kwenye ofisi ya mlezi milele, kwa kuwa hakuna aliyeandika sentensi hiyo ya mwisho. Mlezi hakuiba, karatasi zilisema ni vyake.

Umeuliza kuhusu ugomvi. Kwa niliyoyaona, watu hawagombani kwa sababu fedha ni nyingi au kidogo. Hugombana kwa sababu ya posho na kwa sababu ya duka la shemeji. Posho kwanza: amueni kabla ya kuomba, na muandike kwenye muhtasari wa kikao, kwamba mnarudishiana nauli na gharama zilizotumika kweli, na kwamba hakuna anayelipwa kwa kuhudhuria. Kikundi cha kujitolea kikishaonja posho ya kikao, ruzuku ikiisha vikao navyo huisha. Mfadhili akisisitiza kutoa posho, iwe sawa kwa wote, mwenyekiti na mbeba machela. La pili: mwanachama ambaye ndugu yake anataka kukiuzia kikundi kifaa atoke nje ya kikao cha kuamua, na bei za wauzaji watatu zibandikwe ukutani. Watia saini wa fedha wawe wawili wasio wa familia moja. Mweka hazina asome hesabu kwa sauti kila mwezi, hata kama ni ileile ya mwezi uliopita. Inachosha, najua.

Jambo moja watu hulisahau katika furaha ya kuorodhesha nyumba. Orodha ya wagonjwa, wazee wanaoishi peke yao na wasioweza kutembea ni siri za watu. Waulizeni wenyewe kama wanataka kuwemo. Iwe kwenye karatasi mbili zilizofungiwa, wajue watu watatu zilipo, wala isirushwe kwenye kundi la simu. Orodha kama hiyo ikiangukia mkono mbaya ni ramani ya mwizi.

Na pelekeni barua kwa zimamoto au mamlaka ya maafa ya eneo lenu mkieleza ninyi ni nani, mtafanya nini na hamtafanya nini. Mkipata jibu lenye mhuri, liambatisheni. Mkiambiwa mdomoni "sawa, endeleeni", andikeni tarehe na cheo cha aliyesema, kisha mrudi tena baada ya wiki.

Mkikosa safari hii, ombeni maoni ya wasomaji kwa maandishi. Wengi huyatoa wakiulizwa kwa adabu. Wakati huo mtakuwa tayari mmefanya zoezi moja, mmepanga kaimu mwenyekiti, na mna makubaliano ya maji. Fanyeni zoezi la pili hata bila fedha, pimeni dakika tena. Maombi ya mwaka ujao yatakuwa na namba mbili badala ya moja.

Kuhusu jenereta, wenzako wasiposhawishika, tafuteni mwenye nayo anayeitumia kila wiki kwa kazi zake, mwombeni awe mwanachama wa 20. Itakuwa na mafuta mapya, na mwenyewe anajua inavyowashwa. Mkubaliane tu kwamba siku hiyo itawekwa nje, mbali na milango na madirisha kwa mita sita au zaidi, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.